Shati la Mitumba Laweza Kuwa Sare ya Mtoto: Jinsi ya Kugeuza Nguo za Bei Nafuu

Katika masoko ya mitumba kama Kongowea, Gikomba na Kibuye, nguo zilizobaki baada ya wateja kuchagua zilizo bora huitwa "fagia" na huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Nyingi hazijachakaa. Hukosa mnunuzi kwa sababu ni kubwa mno, kola imechujuka au mtindo umepitwa na wakati. Kwa mzazi anayejiandaa kwa ufunguzi wa shule, shati jeupe la mtu mzima lililo katika rundo hilo ni kitambaa cha sare kinachosubiri kukatwa.

Kuchagua

Shati lishikwe mbele ya mwanga ili kuona kama kitambaa kimekuwa chembamba mgongoni au kwenye viwiko. Doa la jasho kwapani si tatizo kubwa, kwani sehemu hiyo mara nyingi hukatwa. Kadiri shati lilivyo kubwa, ndivyo linavyotoa kitambaa zaidi.

Nguo ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Pamba isiyofuliwa yaweza kusinyaa baadaye na kuharibu vipimo.

Shati la shule

Fumua mikono, kola na mishono ya ubavuni, kisha funga vifungo vyote. Usiondoe ukanda wa vifungo, kwa kuwa kutengeneza matundu mapya ni kazi ngumu. Weka juu yake shati linalomtosha mtoto, vifungo vikiwa katikati, na uchore kwa chaki. Ongeza sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, na sentimita 3 chini kwa pindo. Mikono mifupi hukatwa kutoka kwa mikono ya zamani. Kola ndiyo ngumu zaidi, na anayeanza anaweza kumpelekea fundi sehemu hiyo pekee.

Sketi ya lastiki

Hii ndiyo njia rahisi kwa asiye na uzoefu. Shati lililofungwa vifungo hukatwa kwa mstari ulionyooka chini ya makwapa. Ukingo wa juu hukunjwa sentimita 3 na kushonwa, huku nafasi ndogo ikiachwa ya kupitishia lastiki. Lastiki iwe fupi kuliko kiuno kwa takriban sentimita 5. Pindo la chini tayari lipo, hivyo kazi yaweza kumalizwa hata kwa sindano ya mkono.

Fulana

Kitambaa cha fulana hunyumbuka, kwa hivyo mshono ulionyooka hukatika nguo inapovutwa. Tumia mshono wa zigizaga na sindano ya cherehani yenye ncha butu, ambayo haitoboi nyuzi.

Mabaki

Vipande vinavyobaki hufaa kwa viraka, mifuko na matambara ya kufutia. Visichomwe: poliesta ni aina ya plastiki na moshi wake hudhuru afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inahitaji taka zitenganishwe zinapozalishwa.

Kugeuza kuwa biashara

Anayetaka kuuza ahesabu bei ya shati, uzi, lastiki, nauli na saa za kazi. Tuseme shati ni shilingi 50, vifaa shilingi 40 na nauli shilingi 60: sketi ikiuzwa shilingi 200, saa mbili za kazi zimelipwa shilingi 50 tu. Kununua mashati kumi kwa safari moja hupunguza nauli kwa kila sketi hadi shilingi 6.

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, na ushonaji hufunzwa katika vingi vyavyo. Wakazi wanaotaka kujifunza, au kujua kuhusu leseni ya biashara, wanashauriwa kuuliza katika afisi ya msimamizi wa wadi yao.