Chumvi asiyoiona mgonjwa wa presha



Mji wa Kagongwa, njiani kati ya Isaka na Kahama, unajulikana kwa mchele. Mpunga huletwa pale kutoka vijijini, hukobolewa mashineni na kupakiwa kwenye malori. Penye mashine, madereva na wachimbaji wa dhahabu wanaopita hapakosi mama ntilie. Leo tuitazame sahani yake, na ile ya nyumbani pia. Miongoni mwetu tunaoila wamo walioambiwa hospitalini kwamba wana shinikizo kubwa la damu, yaani presha, wakaagizwa "punguza chumvi", kisha wakarudi nyumbani bila kuelezwa chumvi yenyewe imejificha wapi.

Wengi wanadhani ni ile ya kopo la mezani tu. Wanaacha kuinyunyiza, wanahesabu kuwa wametimiza agizo, halafu wanashangaa kipimo kinarudi kile kile.

Presha huhesabiwa kuwa ya juu pale vipimo vinaporudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi. Ubaya wake ni ukimya. Mtu anaweza kubeba magunia kutwa nzima asihisi lolote. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 katika Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, ulikuta watu wazima wapatao 3 kati ya kila 10 wana presha. Lakini katika hao wenye presha, wasiofika 2 kati ya 10 ndio waliokuwa wakijijua. Siku mkono na mguu vikipooza, majirani husema amerogwa. Kumbe mishipa ilikuwa ikichakaa miaka mingi.

Chumvi inaingiaje hapo? Ndani yake mna madini yaitwayo sodiamu, ambayo huvuta maji na kuyazuia mwilini. Maji yakizidi, damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo ni ya chakula chote cha siku nzima.

Sasa tuifuate chumvi hiyo jikoni. Kwanza ni magadi. Tunayatia kwenye maharage yaive upesi, na kwenye mlenda na mboga za majani zilainike. Ulimi hauyaiti chumvi, lakini yana sodiamu kwa wingi. Mwenye presha ayaache. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi.

Pili ni kayabo, yaani samaki wa ziwani aliyekaushwa kwa chumvi. Kumloweka na kumwaga maji hupunguza chumvi, lakini haimalizi. Dagaa waliokaushwa kwa jua bila chumvi hawana ubaya huo. Muulize muuzaji kabla ya kununua.

Tatu ni viungo vya pakiti na vya vidonge, vile vya kukoleza mchuzi, pamoja na sosi nyeusi ya soya. Mpishi akitia kidonge, kisha akaongeza chumvi, ametia chumvi mara mbili. Nne ni chipsi, mishikaki, soseji, supu ya asubuhi, hata mkate. Kila kimoja huleta kidogo chake, na haba na haba hujaza kibaba.

Pamoja na hayo kuna pombe, ambayo ikizidi hupandisha presha, iwe ya kiwandani au ya kienyeji. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva na wachimbaji hunywa ili wasisinzie, navyo huweza kuipandisha. Mafuta mengi na soda huleta unene, na unene huivuta presha nyuma yake.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri. Huko Kenya, watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji hao ilipanda upesi kuliko ya wenzao waliobaki kijijini. Uzito uliongezeka, sodiamu mwilini ilizidi na potasiamu ikapungua. Watu walikuwa wale wale. Maisha na chakula ndivyo vilivyobadilika.

Potasiamu ni madini yanayousaidia mwili kuitoa sodiamu. Nayo haihitaji kuagizwa kutoka mbali: imo katika viazi vitamu, maharage, mchicha, majani ya maboga, ndizi na parachichi. Michembe na matobolwa ya bibi zetu wa Usukumani ni viazi vitamu vilivyokaushwa bila chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye amwulize daktari kwanza, kwa kuwa kwake potasiamu nyingi ni hatari.

Mzee wa nyumba atalalamika kwamba mboga imepooza. Avumilie wiki chache, ulimi hujifunza. Ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili huleta ladha. Chumvi kidogo itakayobaki iwe ile yenye madini joto. Wala asipikiwe chungu cha peke yake kama aliyetengwa, kwani chakula hicho kinawafaa hata watoto. Na kwa mama ntilie, omba chipsi zako kabla hazijanyunyiziwa, na supu usiiongezee.

Neno la mwisho, ndugu msikilizaji. Chakula kizuri hakichukui nafasi ya vidonge. Wapo wanaoviacha pale kipimo kinaposhuka, kumbe kimeshushwa na vidonge hivyo hivyo. Endelea na dawa mpaka daktari atakaposema vinginevyo, na leo ukifika nyumbani, anza na kuyaondoa magadi jikoni.