Je, Wajua? Kuvua Samaki Baada ya Mkutano, Tromsø

Mgeni aliyekwenda kikazi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, anaruhusiwa kuvua baharini bila leseni wala ada, mradi atumie mshipi wa mkononi au fimbo na asiuze samaki wake. Mtoni na ziwani sharti akate kibali kwanza. Mikutano ya kutwa nzima isimvunje moyo: kuanzia takriban 20 Mei hadi 22 Julai jua halizami kabisa, na saa sita usiku mtu hufunga ndoana bila taa. Raha iliyoje! Anayemtaka skrei, yaani samaki aina ya kodi (cod) anayetoka Bahari ya Barents kwenda kutaga kwenye visiwa vya Lofoten, apange safari kati ya Januari na Aprili, tena abebe nguo nzito kwelikweli. Vizimba vya kufugia samaki visisogelewe. Sheria inataka anayevua akae umbali wa angalau mita 100.