Ubeti wa pili mheshimiwa hakuutaka

Kama uko Nairobi huenda unadhani kampeni ni kitu cha runinga. Huku kwetu kampeni inakufuata mpaka kitandani, inakuamsha saa kumi na mbili asubuhi kwa spika zilizofungwa juu ya probox. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Lakini mtu akikuambia bado ni mapema, mtume Migori mjini akatafute spika za kukodi wikendi, kisha umuulize amepata ngapi.

Wacha nikupeleke kwenye wiki yangu moja ya majuzi, maana bado inaniwasha.

Jumatatu nilipigiwa simu na ajenti wa mwaniaji mmoja. Kama hujawahi kunisoma, mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo naishi kwa maneno: blogu, mabango, na mistari ya nyimbo za watu wengine. Ajenti alitaka wimbo wa ohangla, dakika nne, wa kuchezeka. Sh15,000. Nikauliza jina la mheshimiwa. Akacheka. "Wewe andika tu, kijana wangu, uache nafasi ya jina. Silabi tatu." Baadaye nilikuja kujua ana wateja wawili, mmoja Migori na mwingine Homa Bay, na wote majina yao ni silabi tatu. Wimbo mmoja, waheshimiwa wawili.

Nilikubali. Usinihukumu haraka, kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili.

Jumanne tukaingia studio, chumba kidogo nyuma ya duka la mbegu na mbolea. Rafiki yangu mpiga kinanda akashika biti. Ubeti wa kwanza nikamwaga sifa kama kawaida. Ubeti wa pili ndio ulinitoka bila kuitwa: nikaandika juu ya mji ulio kando ya ziwa ambao bado unanunua maji kwa mtungi, yakiletwa na punda. Prodyuza akanitazama. "Hii watalipa kweli?"

Swali zuri. Unajua hii biashara ya wimbo na siasa si ngeni. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", neno lililotoka kwa Kijaluo, bwogo, kutisha. Hawakuwa wanamwimbia mwanasiasa kuingia Ikulu. Walikuwa wanajiimbia wenyewe na shida zao, halafu NARC wakauchukua ukawa wimbo wa kumuondoa KANU. Mwaka 2022 Azimio nao wakauchukua wimbo wa Emmanuel Musindi, "Leo ni Leo", nchi nzima ikaucheza. Upande wa Ruto ulikuwa na "Sipangwingwi" ya Exray, mpaka tume ya uwiano, NCIC, ikaliweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya uchochezi.

Halafu kuna D.O. Misiani. Mzee huyu alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Muhuru, na benga yake ndiyo wazee wetu walichezea. Aliwaimba wakubwa kwa mafumbo ya wanyama na ya Biblia. Malipo yake? Kukamatwa, na kurudishwa Tanzania. Alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu. Sisi tunaacha nafasi ya jina.

Jumatano nilipita kwa msanii mmoja anayechora kuta. Amechora sura ya mwaniaji kwenye ukuta wa hoteli, suti, tabasamu, kila kitu, ila pale kwenye nembo ya chama ameacha duara jeupe. "Chama ndicho cha mwisho," akaniambia. Huku mchujo wa ODM mara nyingi ndio uchaguzi wenyewe, ingawa Migori ilishawahi kukaidi: mwaka 2013 Okoth Obado alichukua ugavana kwa tikiti ya PDP. Na tangu Baba atuache Oktoba 15, 2025, ni nani mwingine ambaye mkono wake ukiinua wako, umepita? Ndiyo maana duara linabaki jeupe.

Alhamisi tukapanda matatu, kinanda mapajani, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, mpaka Homa Bay. Tulikuwa na kazi ya usiku wa matanga Ijumaa. Mpiga ngoma wetu anatoka upande wa Oyugis na hapandi tena lori la kampeni, hata umwongezee. Anakumbuka Kasipul. Mbunge Charles Ong'ondo Were alipigwa risasi Nairobi Aprili 2025, na kampeni za uchaguzi mdogo wa Novemba zikaleta vifo vingine. IEBC ikawatoza wawaniaji wawili faini ya Sh1 milioni kila mmoja. "Mheshimiwa analipa faini," mpiga ngoma akasema, "mimi ndiye niko juu ya lori." Kisha akanyamaza mpaka tukashuka.

Sasa Ijumaa. Kama hujawahi kuhudhuria ohangla, kuna kitu kinaitwa pakruok. Unatoa pesa, muziki unasimamishwa, unashika maiki unajisifu: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, niliyefanya hivi na hivi. Ukimaliza muziki unarudi. Bendi inaishi kwa hizo pesa kuliko malipo ya mwenye shughuli.

Saa tano usiku mwaniaji akafika na msafara. Vijana wake wakaanza: elfu moja, simamisha, sifa. Elfu mbili, simamisha, sifa. Tukaucheza wimbo mpya, jina likiwa limejazwa. Watu wakacheza kweli, sitakudanganya, na mimi nikajisikia vizuri.

Ndipo dani mmoja, leso begani, akaja mbele na noti ya hamsini. Vijana wa msafara wakacheka. Lakini sheria ya pakruok haiangalii noti. Mpiga kinanda akasimamisha muziki.

Dani akashika maiki kwa mikono miwili. Akajitaja, akamtaja baba yake, akataja watoto aliowalea. Halafu akageuka. "Nyathina, umekaa vizuri hapo. Haya maji unayonawa mkono, unajua tumeyanunua pesa ngapi leo? Nimemaliza. Pigeni."

Kimya. Mheshimiwa akatabasamu ile tabasamu ya ukutani. Mpiga kinanda akarudi haraka na biti, na hata hakurudi kwenye wimbo wetu, alirukia mwingine. Kule nyuma, kwa kina mama wa jikoni, vigelegele havikuisha.

Mimi nilikuwa nimeandika ubeti mzima kusema alichosema kwa hamsini.

Jumamosi ajenti akapiga. Wimbo ni moto, mheshimiwa ameupenda, ila ubeti wa pili utoke. "Unaleta picha mbaya, ndugu yangu." Nilikuwa nimepewa Sh4,000 za kwanza. Kumi na moja zilizobaki zingekuja nikituma wimbo uliokatwa.

Niliukata, msomaji. Jumapili jioni nikatuma, pesa ikaingia kwa M-Pesa, Jumatatu landilodi akanisalimia kwa jina langu kamili. Mteja wa pili naye amesikia wimbo na anauliza kama rangi ya chama inaweza kubadilishwa kwenye kiitikio.

Ubeti wa pili bado uko kwenye simu yangu. Mpiga kinanda anataka turekodi wimbo mwingine kuanzia hapo, bila nafasi ya jina. Prodyuza anadai Sh3,000. Tuna mia nane.