Bustani za Ukraine na Mfuko wa Mbolea Usharikani

Wajumbe wa kamati za sharika pamoja na wafadhili wetu wametuuliza mara kadhaa kwa nini mwaka 2022 tulibadili mpango wa bustani za akina mama, tukaacha kununua mbolea ya viwandani wakati fedha zilikuwa zimekwisha kupitishwa. Jibu linaanzia mbali kidogo, nchini Ukraine.

Huko, mwezi Machi theluji huyeyuka na ardhi huanza kupata joto. Ni majira ya kuchipua, na watu hushika majembe kama sisi masika yanapokaribia. Nchi hiyo inajulikana kwa mashamba makubwa ya ngano na alizeti, lakini karibu viazi vyote vinavyolimwa humo hutoka katika viwanja vidogo vya kaya. Bibi mwenye kipande nyuma ya nyumba hulisha hadi watoto walioko mjini. Hata kwetu mambo ni hayo hayo.

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wiki chache tu kabla ya kupanda. Watu walipanda hivyo hivyo, wengine wakalima hata viwanja vya mjini vilivyokuwa vya maua. Mahali palipopita majeshi, mabomu ya kutegwa ardhini yalifanya hata kuchimba shimo la kiazi kuwa jambo la hatari.

Je, hayo yanahusianaje na mchicha wetu? Mbolea ya urea hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa gesi asilia. Urusi ni miongoni mwa nchi zinazouza nje kwa wingi gesi na mbolea. Bei zilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021 (tusivisingizie vita kila kitu), lakini vita vilizisukuma zaidi. Nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya mbolea yake kutoka nje, hivyo mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 100,000. Serikali ilizindua ruzuku tarehe 8 Agosti 2022, na urea na DAP zikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Ulikuwa msaada mkubwa, ila masika yalikuwa yamekwisha.

Kabla ya hapo ilitubidi kuamua. Wapo waliotaka tununue mifuko michache tugawane. Tuliona kila kikundi kingepata makopo tu, tukaamua fedha zilipie usafiri wa samadi na mafunzo ya mboji.

Hatukufanikiwa kote. Samadi hutoa chakula cha mmea polepole, na ni lazima ioze kwanza. Vikundi vilivyoweka samadi mbichi viliunguza miche, na kosa hilo ni letu, kwa kuwa mafunzo yalichelewa kuliko magari. Mchicha na sukuma wiki vilikubali vizuri. Kabichi zilikuwa ndogo, na akina mama walituambia wazi kwamba sokoni hazikuwalipa.

Siku hizi vikundi huchanganya: mboji wakati wa kuandaa matuta, na urea kidogo ya kukuzia. Kifungu cha mbolea katika bajeti tunakiandika kwa idadi ya mifuko, siyo kwa shilingi peke yake. Tunawaomba wahazini wa sharika watuletee bei ya duka lililo karibu nao kila robo mwaka, pamoja na taarifa ya mapato.