Bakteria Mla Manyoya

Mtambo ulikuwa wa biogesi, na kazi yake ilikuwa kusindika kinyesi cha kuku. Profesa Jason Shih wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, aligundua jambo la ziada: manyoya yaliyoingia pamoja na kinyesi yalikuwa yakitoweka humo ndani. Yeye na wenzake walimsaka mhusika, wakampata bakteria wa jamii ya Bacillus licheniformis, wakampa jina la PWD-1. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1990.

Kwa nini ilikuwa habari kubwa? Karibu asilimia 90 ya unyoya ni keratini, protini inayojenga pia nywele, kucha, kwato na pembe. Vimeng'enya vya tumbo la binadamu havifui dafu mbele yake, kwa sababu nyuzi zake zimesukwa kwa kubana na kufungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Dawa kali za kulainisha nywele saluni hufanya kazi kwa kuvunja vifungo hivyohivyo.

Vijidudu navyo huanzia hapohapo. Kwanza salfa hulegezwa. Kisha kimeng'enya kiitwacho keratinasi hupata pa kupenya na kukata mnyororo wa protini vipandevipande. Hatua ya kwanza ikikosekana, ya pili husuasua.

Wazazi wengi wameyaona matokeo ya kazi hiyo kichwani mwa mtoto mwenye mapunye. Kuvu hula keratini, nywele zinakatika karibu na ngozi, panabaki kipara chenye magamba. Kwa kuwa kuvu wamejichimbia ndani ya unywele na shina lake, dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa maelekezo ya daktari.

Uwezo huohuo, ukiwekwa mahali pake, una faida. Manyoya ya machinjioni hugeuzwa chakula cha mifugo kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, lakini joto huharibu baadhi ya asidi amino. Keratinasi hufanya kazi kwenye joto la chini zaidi. PWD-1 hustawi kwenye nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi.

Viwanda vya ngozi vina sababu nzito zaidi ya kuitaka keratinasi. Kwa kawaida ngozi mbichi huondolewa nywele kwa chokaa na salfaidi ya sodiamu. Majitaka yake yakikutana na asidi, hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo imewaua wafanyakazi walioingia kusafisha mashimo na mapipa. Keratinasi hulegeza unywele kutoka kwenye shina lake na kupunguza mahitaji ya salfaidi. Sharti ni moja: isiguse kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kimeng'enya kisichochagua huacha ngozi na mabaka na vitundu, nayo ikashuka bei. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kupima keratinasi za vijidudu mbalimbali, wakitafuta itakayong'oa nywele na kuiacha ngozi salama.