Siku Moja Juu ya Wanale

Askari wa Jinja apewapo likizo ya siku mbili, aghalabu huimaliza palepale kando ya Nile. Si vibaya. Lakini barabara ya Iganga na Tirinyi, ivukayo mto Mpologoma katikati ya mashamba ya mpunga, humfikisha Mbale, na hapo hukutana na ukuta wa mwamba uliosimama juu ya mji. Huo ndio mgongo wa Wanale, uitwao pia Nkokonjeru. Ni mkono mmoja wa Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba kwa jina la babu yao wa kale.

Mji wa Mbale uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na Wanale imepita mita 2,000. Kwa miguu iliyozoea gwaride la uwanja tambarare, tofauti hiyo si mchezo. Aondokaye alfajiri huweza kufika juu kabla ya adhuhuri na kurejea jua halijatua. Ipo barabara ya gari iendayo kwenye minara ya redio na televisheni, lakini mpandaji wa kweli hufuata vijia ambavyo akina mama huteremkia kwenda sokoni na mizigo ya ndizi vichwani. Wakikupita, ndugu askari, uwapishe njia na unyamaze!

Kutoka juu huonekana uwanda wa magharibi, ukinyooka hadi kwenye vinamasi vya upande wa Kyoga. Mashariki mlima huendelea kupanda kuelekea Wagagai, kilele chenye mita 4,321. Huko si kwa siku moja: waanzao safari Budadiri huchukua siku nne hivi, pamoja na kiongozi wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1993.

Hata huko juu barafu ya kudumu haipo. Zamani za kale ilikuwapo: ilijaa kando ya shimo la volkeno, ambalo upana wake ni kilomita 8 hivi, ikasugua miamba hata ikalainika, ikarundika mawe na kuacha vidimbwi vya maji baridi. Atakaye kuiona barafu nchini Uganda sharti aende Ruwenzori, na afanye haraka. Mwaka 1906, msafara wa Mtawala wa Abruzzi ulipopanda, barafu ya huko ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 haikutimia hata moja.

Elgon, iliyokwisha kupoteza barafu yake, imebaki na mvua, na mvua hiyo ndiyo imwitayo askari mlimani pasipo likizo. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko ulikatika Bududa na kufunika kijiji cha Nametsi na jirani zake. Mitambo mizito haikuweza kufika, hivyo wanajeshi na wanakijiji walifukua kwa majembe na sepetu. Oktoba 2018 msiba ulirudi Bududa. Julai 2022 mito iliufurikia mji wenyewe wa Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Aliyepanda Wanale kwa miguu yake haulizi kwa nini tingatinga lilikwama. Amekwisha kuona jinsi udongo mzito unavyokunywa maji juu ya mwinuko mkali, na jinsi mashamba yalivyochukua nafasi ya miti iliyoushika.

Baada ya 2010 baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, na kuanzia 2019 wengine walipewa makazi katika tambarare ya Bulambuli. Hata hivyo wapo waliorudi mlimani. Huko ndiko makaburi ya wazee wao yaliko, na udongo uleule uporomokao ndio unaozaa kahawa ya Bugisu, inayowasomeshea watoto wao.