Kasisi wa jeshi akibisha hodi kwa sheikh

Katika jeshi la Marekani kuna afisa asiyeruhusiwa kubeba silaha. Naye ni kasisi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda kwa sababu kazi yake ni kusalisha, kufariji majeruhi na kuzika wafu, si kupigana. Tangu mwaka 1993 jeshi hilo lina maimamu pia.

Lakini tangu Wamarekani wapige kambi Lemonnier, Djibouti, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasisi ameongezewa kazi: kuonana na masheikh na maaskofu wa nchi rafiki, kujua dini inasemaje na watu wanaumia wapi. Kwenye karatasi ni jambo jema. Miongozo ya jeshi hilo inamkataza kukusanya habari za kijasusi.

Sawa, lakini nani mtaani kasoma miongozo hiyo? Watu wa Lamu waliona wanajeshi wa Kimarekani wakichimba visima na kukarabati shule, huku wenzao wako kambini Manda. Waliyatumia maji, na bado wakauliza: hawa wanatafuta nini kwetu?

Hapo ndipo penye hatari, na anayeibeba si kasisi. Yeye zamu yake ikiisha hupanda ndege. Sheikh hubaki. Mombasa, Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, aliyetuhumiwa kuwaunga mkono Al-Shabaab, aliuawa kwa risasi, na vijana wakaituhumu serikali. Juni 2014 akapigwa risasi Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyekuwa akipinga siasa kali. Sisemi walikuwa na lolote na makasisi wa kigeni. Nasema huo ndio mji ambamo mgeni mwenye magwanda anabisha hodi.

Wapo wanaosema kazi hiyo waachiwe makasisi na maimamu wa jeshi la Kenya, maana wanajua lugha na adabu. Ni afadhali, ila nao wanavaa sare ya jeshi lililoingia Somalia Oktoba 2011.

Kwa maoni yangu, kama mazungumzo lazima yawepo, wenyeji ndio waalike, mchana, mbele ya waumini, na yanayosemwa yatangazwe. Kasisi asiandike jina la mtu. Na sheikh akikataa kuja, asiulizwe kwa nini.